Ada ya Boadiwaa

Akenten alikuwa mtu wa kupiga. Nasema hili mapema kwa sababu siku hizi watu wa gereji zetu hapa Kumasi wamemgeuza malaika, na wanaomsifu zaidi ni wale aliowang'oa meno. Nilifanya kazi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na mbili, mimi nikipaka magari rangi, yeye akichomelea vyuma. Katika miaka hiyo nimemwona akimvunja dereva wa lori taya kwa spana, akimtumbukiza mtoza ushuru kwenye mfereji wa oili chafu, na siku moja akimzaba mchungaji kofi. Mchungaji alikuwa na makosa, lakini kofi ni kofi.

Hakuzaliwa hivyo, alifundishwa. Fundi aliyemlea kikazi alikuwa na desturi ya kumrushia mwanagenzi nyundo anapokosea, na mwanagenzi akiikwepa anarushiwa ya pili. Akenten alipokuwa na miaka kumi na saba, kipande cha chuma kiliruka kikamwingia jicho la kushoto. Fundi akamfunga kitambaa, akamwambia jicho moja linatosha kuona mshono, amalize lango la watu. Akalimaliza. Mwaka uliofuata akamwagiwa poda kichwani, pombe ikamiminwa chini, akatangazwa kuwa huru, fundi kamili. Jioni hiyohiyo akamrudia mwalimu wake na kumpasua kichwa kwa nyundo ileile. Alilala rumande wiki mbili, akatoka anacheka.

Sasa niwaeleze habari ya pipa. Mitungi ya gesi ya kiwandani ni ghali, kwa hiyo sisi tunatumia pipa. Unatia maji, unatumbukiza mawe ya kabaidi, yanachemka na kutoa gesi, gesi inapita kwenye mpira hadi mdomo wa moto. Gesi ikilegea, unaweka uzito juu ya kifuniko ili isukumwe kwa nguvu. Kila fundi hapa anajua kwamba uzito huo ni ujinga, na kila fundi anao wa kwake. Wa Akenten ulikuwa kipande cha injini ya lori.

Siku moja jirani alikiazima kipande hicho, hakukirudisha. Agyenim, mdogo wake Akenten, akaona isiwe tabu, akapanda kukalia kifuniko yeye mwenyewe, anakula karanga. Moto ukarudi kupitia mpira. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale na nilidhani lori limeangukia kibanda. Kifuniko tulikikuta juu ya paa la muuza matairi. Agyenim tulimzika kwenye sanduku lililopigiliwa misumari, kwa sababu mama yake asingeweza kuangalia kilichokuwemo. Baada ya mazishi Akenten akamfuata yule jirani aliyeazima, akampiga mpaka tukamtoa mikononi mwake watu sita. Halafu akaenda kununua pipa jingine, kwa maana watu lazima wale.

Mtoto wa dada yao, Boadiwaa, alikuwa na miaka tisa siku ile, na alikuwa ameleta chakula cha mchana. Aliona yote. Kwetu mtoto wa dada ndiye mtoto wako hasa, wako wa kumzaa ana wajomba zake, kwa hiyo tangu hapo Akenten alimbeba msichana huyo kama yai. Wenzake wa shule walitaka udaktari na uanasheria. Yeye aliuliza ni chuo gani kinachofundisha jinsi ya kuzuia watu wasipasuke kazini. Akaambiwa kipo, kinaitwa chuo kikuu. Mjomba akalipa shahada ya kwanza, lango kwa lango, dirisha kwa dirisha, kwa pipa lilelile ambalo mpwa wake alifundishwa kulichukia.

Walikuwa wakigombana kwa ajili ya pipa hilo kila likizo. Boadiwaa alimwambia mjomba wake kwamba ni bomu, mjomba akamjibu kwamba bomu hilo ndilo linalonunua vitabu. Na ilikuwa kweli.

Kisha akapata nafasi ya shahada ya pili, ya afya na usalama kazini, na ada yake ilikuwa kubwa kuliko malango yote ya Kumasi. Kukawa na mfuko mmoja unaofadhili wanafunzi wa fani hiyo. Ulilipa ada yote na pesa ya kujikimu, lakini kwa sharti moja: mwanafunzi awe tayari ana mwajiri, na mwajiri aandike barua kwamba huyu ndiye anayeangalia usalama mahali pake. Waliotunga sharti hilo walidhani kila mtu ana mjomba mwenye kiwanda. Boadiwaa akalia siku mbili. Siku ya tatu Akenten akaja kwangu na karatasi.

"Dwomoh, mwandiko wako mzuri. Andika kwamba mimi ni mwajiri."

"Mwajiri wa nani? Una wanagenzi wawili, na wote wawili umewapiga wiki hii."

"Ndiyo maana nahitaji mtu wa usalama. Andika."

Tulicheka mpaka machozi. Nikaandika, akagonga muhuri wa chama cha mafundi. Barua ikakubaliwa. Hatukucheka tena ilipokuja taarifa kwamba mtu wa mfuko, Bwana Nartey, atakuja kuona mahali pa kazi Alhamisi saa nne asubuhi.

Alfajiri ya Alhamisi tulifagia kibanda, tukaazima mitungi miwili ya kiwandani na miwani ya kuchomelea, tukawavalisha wanagenzi viatu vizima. Pipa tukalibeba mimi na Akenten, tukaliingiza stoo, nyuma ya ukuta wangu, tukaweka juu yake kipande kingine cha injini kilichokuwa uzito wake, tukafunga kufuli. Boadiwaa alifika tukiwa tunapangusa mikono. Akaangalia mlango wa stoo, akamwangalia mjomba wake.

"Umelimwaga?"

"Nimelimwaga."

Hakuwa amelimwaga. Ndani mlikuwa na kabaidi ya cedi mia nane aliyoitia jana yake, na kumwaga kabaidi nzuri ni jambo ambalo mkono wake haukulijua. Nilikuwa nimelibeba upande mmoja, nilisikia maji yakicheza. Nilijua kama yeye. Sikufungua mdomo.

Bwana Nartey alikuwa mtu mpole mwenye kitambaa cha kufutia jasho. Alitazama mitungi, akatazama viatu, akaandika. Mambo yalikuwa yakienda vizuri kupita kiasi. Halafu akasema anataka kuona kazi yenyewe, tusisimame kama tuko msibani, kila mtu aendelee kama siku zote. Basi nikarudi upande wangu kulikokuwa na bodi ya gari iliyonisubiri.

Kumbe Akenten alishasikia harufu. Gesi ile inanuka kama kitunguu saumu kilichooza, na stoo ilikuwa imefungwa tangu alfajiri na jua limeshaanza kuchoma bati. Alimwambia mgeni ampe dakika moja, akazunguka nyuma, akafungua kufuli. Alikuta kifuniko kimevimba na mipira imejikunja chini ya uzito wa injini. Akaukumbatia ule uzito aushushe, alivute pipa nje mpaka mfereji. Mimi sikujua yuko huko. Niliwasha grainda, nikaiweka kwenye chuma, cheche zikapita kwenye tundu la ukuta.

Ukuta ulinijia mzima. Nilipofumbua macho nilikuwa chali, bati linaning'inia, sisikii chochote isipokuwa mlio mmoja mwembamba masikioni. Bwana Nartey alikuwa amelala barabarani na mguu wake umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Akenten alikuwa amesimama. Ndilo jambo ninaloliona mpaka leo nikifunga macho: amesimama katikati ya moshi, shati limeungua, ananyoosha mikono yake mbele aiangalie, na mikono inaishia pale saa inapovaliwa. Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo. Boadiwaa alimfikia kabla yangu, akavua kanga yake, akaikata kwa meno, akamfunga mikono yote miwili juu ya kiwiko, akikaza kwa kipande cha nondo, huku anamtukana. Daktari alisema baadaye kwamba bila ufungaji ule asingefika hospitali. Mimi nilikuwa natapika kando.

Mchuma janga hula na wa kwao. Wiki ya tatu mfuko ukamtuma mwanasheria na karatasi. Bwana Nartey alikuwa amevunjika mguu sehemu tatu, polisi walitaka mtu wa kushtaki, na mfuko haukutaka kuonekana umefadhili udanganyifu. Karatasi ilisema kwamba Boadiwaa hakujua lolote kuhusu pipa, mjomba alimdanganya yeye kama alivyowadanganya wao. Akitia sahihi, ufadhili unaendelea na kesi inabaki kwa Akenten peke yake. Asipotia, jina linafutwa, na wanashtakiwa wote wawili. Alipewa mpaka Ijumaa.

Ijumaa hiyo nilikuwa pale wodini, nimekaa mguuni mwa kitanda. Boadiwaa alimsomea mjomba wake karatasi yote, neno kwa neno, kisha akaikunja.

"Siwezi, Mjomba. Nilijua limo stoo."

"Mimi nilikwambia nimelimwaga."

"Lakini nilijua limo. Nikaandike kwamba sikujua? Hicho ndicho ninachosomea, kusema ajali ilitokeaje."

"Na unachosomea nani anakilipia?"

Mwanasheria alikuwa mlangoni anaangalia saa. Boadiwaa akasema taratibu kwamba ataacha shule, atatafuta kazi, atamwangalia. Akenten akamwambia asogee karibu, na yeye akasogea, akidhani anataka kumnong'oneza.

Akampiga. Alimpiga usoni kwa mkono ule uliokatika, kwa nguvu zake zote, bendeji na mfupa, na mlio alioutoa mwenyewe haukuwa wa mtu. Katika miaka yote ile, katika watu wote aliowapiga, huyu mmoja alikuwa hajawahi hata kumkemea kwa kidole. Boadiwaa alianguka kwenye goti langu. Damu ya mjomba wake ilikuwa shavuni mwake, na kwenye bendeji ilianza kutandaa.

"Agyenim kafa bure, sawa," Akenten alisema akihema. "Mikono hii nayo iende bure? Tia sahihi, mjinga wewe, kabla sijakupiga na huu mwingine."

Na alikuwa ameshauinua. Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema kwamba aliyewasha grainda ni mimi, kwamba nilisikia maji yakicheza ndani ya pipa, kwamba iko sehemu yangu katika karatasi ile. Woga ni kitu cha aibu, na mimi niliuvaa siku ile mchana kweupe. Boadiwaa akaiweka karatasi juu ya kitanda, akatia sahihi, akampa mwanasheria bila kumwangalia.

Mahakamani Akenten alikubali kila kitu, hata ambavyo hakuulizwa. Hakimu aliitazama mikono ile kwa muda mrefu, akasema gerezani hakuna wa kumlisha, akamtoza faini na kukifunga kibanda chake moja kwa moja.

Boadiwaa sasa yuko mwaka wa pili, na ada inalipwa. Anakaa na mjomba wake. Kila jioni akitoka chuoni hunawa, hukaa chini mbele yake na kumlisha fufu, tonge kwa tonge, kwa mkono wake wa kulia. Akichelewa, mzee humtukana mpaka mtaa mzima unasikia, naye hujibu kwa tonge kubwa la kumziba mdomo. Jumapili mimi huenda kuwatembelea. Hawajaniuliza kitu, nami sijasema. Nashika bakuli.