Mzee Bahizire Anashuka kwa Kiingereza

Mzee Bahizire ni fundi cherehani kwenye baraza la duka la Khaled, pale mtaa wa Asiatique, na mimi nauza vifungo na uzi kwenye meza iliyogusana na mashine yake. Ukikaa jirani na mtu miaka yote hiyo, unamjua hadi anavyopiga chafya. Kwa hiyo alipoanza kuzungumza na suruali za wateja kwa Kiingereza, nilikuwa wa kwanza kusikia na wa kwanza kucheka.

"We cheka tu, Mama Landry," aliniambia. "Mi nina mujukuu."

Mjukuu huyo ni mtoto wa Prodige, mwanawe wa pekee. Prodige na mkewe walipata nafasi ya kwenda Amerika, wakamwacha mzee huku mtaa wa Kinama na ahadi kwamba karatasi zake za safari zitafuata. Karatasi zinafuata mpaka leo. Mtoto alizaliwa hukohuko, na Bahizire ndiye aliyempa jina kwa simu: Mugisho, jina la kwao, upande wa Bukavu. Hajawahi kumshika hata kidole. Kuna siku huacha kukanyaga mashine na kuitazama mikono yake, nami najua anamtamani nani.

Mtoto anajua Kiingereza tu. Kila Jumapili wakipigiana simu, Prodige hukaa katikati kutafsiri, na hapo ndipo penye shida. Mzee atasema mpaka koo likauke, habari za mvua, za goti lake, za ndoto aliyoota. Prodige anamgeukia mtoto, anamwambia maneno matatu, basi.

"Namupa kitambaa mita nzima," mzee alilalamika, "yeye anafikisha leso."

Na kulikuwa na jambo ambalo hakutaka likatwe. Katika nyumba ya baba yake, mtoto aking'oka jino la kwanza, babu humkalisha mbele yake na kumpa majina ya waliomzaa. Babu huanza kwa kulitaja jina la mtoto, mtoto anaitikia, kisha wanapanda pamoja: baba, babu, baba wa babu, mpaka kwa yule aliyefyeka pori akajenga. Ni mdomo kwa mdomo. Mtu wa katikati hana nafasi. Sasa Prodige alikuwa ametuma picha ya Mugisho akicheka, pengo wazi mbele.

Mzee akaenda kwa Annick, msichana wa chuo anayefundisha Kiingereza hukohuko Kinama, katika chumba cha kanisa, kwaya ikishatoka. Akamwomba maneno ya ukoo. Annick akampa ancestor kwa walio juu, descendant kwa walio chini, na descend, ile kazi ya kutoka juu kuja chini. Hilo la mwisho lilimfurahisha sana, maana alikuwa akilijua nusu yake kwa Kifaransa. Akataka na ndugu wa neno lile: downhill, downstairs, drop, sink, yote ya kwenda chini. Kifungo kikianguka mezani kwangu, utamsikia, "It descends!" Khaled akamwambia, "Mzee, utatushusha sote humu."

Lakini siku moja aliacha kushona, akaniinamia.

"Mama Landry, Kiingereza kinashuka. Sisi tunapanda. Nikianza na mutoto, hatanielewa."

Nikamjibu kwamba mlima ni uleule, hata ukianzia juu. Niliona nimesema jambo la busara. Basi akaugeuza ukoo mzima, kama anavyogeuza kola ya shati iliyochakaa, ukawa unaanzia kwa yule wa kale na kumalizikia kwa Mugisho. Wiki nzima alikuwa akiurudia huku akitia pindo.

Jumapili nilimpelekea simu yangu Kinama baada ya misa, kwa kuwa yake ni ya kubonyeza tu, haionyeshi sura. Nilimkuta na Annick, mzee amevaa koti alilofungia ndoa. Prodige alipotokea, mzee alimkatiza salamu.

"Leo toka katikati, Prodige. Nipe mutoto."

Prodige alicheka. Kisha akauona uso wa baba yake, akampa mtoto simu.

"Hi, Koko," mtoto akasema, jinsi alivyofundishwa kumwita babu.

"I say name, you say name," mzee akamwambia. "We descend."

Akaanza. "Namegabe." Mtoto akaitikia, ulimi ukijikwaa. "Balagizi." Akaitikia. "Murhula." Akaitikia huku akicheka, mchezo umemkolea. "Bahizire," mzee akasema, akajigusa kifua, na mtoto akalisema jina la babu yake vizuri kabisa. "Prodige." Machozi yalinitoka, mimi ambaye wafu wale si wangu hata mmoja.

Wakafika chini. Kwao babu ndiye alipaswa kulitaja jina la mtoto, lakini mzee alikuwa ameugeuza ukoo, na furaha ilikuwa imemjaa. Akamnyooshea mjukuu wake kidole. "And now, you."

"Tyler," mtoto akasema.

Mzee hakuelewa. Akamtazama Annick, Annick akatazama chini. Sauti ya Prodige ikasikika nyuma ya mtoto. "Papa, ni jina la ku masomo tu. Mwalimu alikuwa anashindwa kusema Mugisho."

"Na ku nyumba, munamuita nani?"

Prodige akamuuliza habari za goti lake. Mtoto alikuwa bado anangoja, pengo wazi, babu yake amwitikie.

"Tyler," mzee akaitikia. Alilitamka vizuri kuliko maneno yote ya Annick, na mtoto akapiga makofi.

Simu ilipokatika, niliitia mkobani. Mzee alivua koti, akalikunja magotini taratibu.

"Kila asubuhi mi naombea Mugisho," akasema. "Asipate homa. Asianguke ku ngazi. Sasa niambie, Mama Landry, nilikuwa naombea nani?"

"Mungu anamjua, mzee."

"Ndiyo, Mungu anamujua," akasema. "Na mi, namujua?"