Mama Tafuna na Ng'ombe Wake Wawili

Saa mbili asubuhi, mbele ya duka la chakula cha mifugo, mwanamke aliyevaa aproni ya buluu anachota punje za shayiri kutoka kwenye gunia lililo wazi, anazipuliza vumbi na kuzitupia mdomoni. Anatafuna taratibu, upande wa kushoto tu, macho ameyafumba. Muuzaji anamsubiri, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja majibu ya mtihani.

"Kavu, ngumu, haina harufu ya ukungu," mwanamke anasema hatimaye. "Nipimie kilo nne."

"Ng'ombe wako wawili hawajambo?" muuzaji anauliza huku akishika upawa.

"Mmoja nimemwacha nyumbani anakunywa chai."

Wanacheka mpaka upawa unamwaga punje. Mwanamke huyu hana ng'ombe, wala hajawahi kufuga hata kuku. Kazi yake ni kupika bia, na utani huo wa ng'ombe wawili ulitokana na kosa lililokaribia kumfungia jiko.

Sokoni wanamwita Mama Tafuna, kwa sababu hanunui nafaka asiyoionja. Ana miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka kumi na miwili sasa anapika lita sitini za bia kila Alhamisi katika chumba cha uani, chini ya kibali kilichowekwa kwenye fremu kama picha ya harusi. Lita arobaini na tano huenda kwenye mgahawa ulio mtaa wa pili, ambako wifi yake ndiye mpishi mkuu. Zinazobaki wananunua majirani.

"Hiyo bia imesomesha watoto watatu," anasema. "Baba yao ni seremala, na mbao zina misimu. Kiu haina msimu."

Ukimuuliza siri ya bia, hakuambii habari za hamira wala za maua machungu yanayoipa ladha kali. Anakuambia kimea. Hiyo ni nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa kabla chipukizi halijafika mbali. Humo ndimo utamu unamotoka, na utamu huo ndio hamira inaougeuza kuwa bia. Vipo vimea vilivyokaangwa hadi vikawa vyeusi, lakini hivyo ni vya rangi na harufu, konzi mbili tu zinatosha. Kinachojaza sufuria ni kimea cha msingi, kile cheupe cha shayiri.

"Hicho ni kama unga kwa mwoka mikate," anaeleza. "Mengine yote ni mbwembwe."

Ndiyo maana bei yake ikipanda, mpishi wa bia hulala vibaya. Mwaka jana ilipanda kwa theluthi moja kwa mpigo. Aliyempelekea habari hiyo ni mzee ambaye amekuwa akimuuzia tangu siku ya kwanza, fundi wa kimea mwenye sakafu yake ya kuchipushia nafaka nyuma ya karakana ya baiskeli. Gesi ya kukaushia ilikuwa imepanda, na shayiri yenyewe vilevile.

Mama Tafuna anakiri kwamba alinuna. "Nilimwona kama amenigeuka. Miaka yote hiyo! Nikachukua mfuko wangu nikaondoka." Hata kwaheri hakuaga.

Wiki hiyohiyo alisikia kwamba kuna duka lenye shayiri ya nusu bei, akadhani ni kimea. Alifika pale Jumatatu, siku mbili baada ya kung'olewa jino la upande wa kulia, shavu limevimba na pamba bado mdomoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, alinunua bila kutafuna.

Muuzaji alimuuliza ana ng'ombe wangapi. Lilikuwa swali la kawaida kabisa, maana alitaka kujua ampimie kiasi gani.

"Mimi nikadhani ananitania," anasimulia, kiganja kwenye paji la uso. "Nikamwambia ninao wawili, mmoja ni mume wangu. Akacheka, nikacheka, akanipakilia magunia matano."

Muuzaji anathibitisha, na bado anacheka. "Dada alikuwa anaongea na pamba mdomoni. Mimi nilisikia 'wawili', basi. Ya mume sikuisikia vizuri."

Alhamisi alisaga kilo kumi na nne, akazimimina kwenye maji ya moto, akafunika kwa blanketi la zamani. Baada ya saa moja alidondosha tone la iodini kwenye sahani yenye kijiko cha ule mchanganyiko, kama afanyavyo kila mara. Iodini ikibaki na rangi yake ya kahawia, wanga umeshageuka kuwa utamu. Siku hiyo ikawa nyeusi kama wino. Alisubiri saa nyingine, ikawa nyeusi tena. Alichota kijiko, akaonja. Uji.

Ilikuwa shayiri mbichi, haijawahi kuchipua hata siku moja. Magunia yalikuwa ya chakula cha mifugo, kama muuzaji alivyokusudia kumuuzia, na hakuna aliyemdanganya.

Mambo yalikwenda mrama. Mgahawa ulikosa bia Jumamosi ambayo hiyo ingekuwa tayari, na ya wiki iliyofuata, aliyojaribu kuiokoa kwa sukari, ilikuwa nyepesi na chungu. Wifi yake alitumwa na mwenye mgahawa, akaja akaketi kwenye kiti cha jikoni, mkoba mapajani.

"Wifi, mimi ni mjumbe tu," Mama Tafuna anakumbuka wifi alivyoanza. "Bosi amesema anakupa Jumamosi moja. Ikiwa ileile, analeta kreti za kiwandani, na hazitatoka tena."

Akiba ilikuwa imekwisha kwenye magunia yale. Mume wake alishauri wayauze hata kwa hasara. Yeye alikaa jikoni akilia, kisha akajikaza, akaosha uso, akaenda nyuma ya karakana ya baiskeli.

"Nilikuwa na aibu," anasema. "Nilimwamkia shikamoo nikiwa bado nje ya mlango, ili nisimtazame."

Mzee alikuwa akigeuza nafaka sakafuni kwa koleo la mbao. Hakumkumbusha siku aliyoondoka bila kuaga. Alimwomba amletee kiganja cha ile shayiri, akaitafuna kwa meno yake machache, akacheka.

"Nilimwambia, mwanangu, hii haina ubaya wowote," mzee anaeleza, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Imelala tu. Kimea changu kina nguvu ya kujigeuza chenyewe na kugeuza jirani yake. Changanya."

Akamwelekeza: kilo kumi za kimea, kilo nne za shayiri mbichi. Hiyo mbichi isagwe laini na ichemshwe kwanza kama uji, ipoe kidogo, ndipo ikutane na kimea. Akampa na kilo kumi zenyewe. Mama Tafuna alipouliza atalipa lini, mzee aliendelea kugeuza nafaka.

"Nilisema alete chupa moja," mzee anasema. "Nilitaka kuonja kama nimesema kweli."

Alhamisi ile tone la iodini lilibaki kahawia. Mama Tafuna alimwita mume wake aje athibitishe, maana macho yake mwenyewe hakuyaamini. Seremala huyo hanywi bia, ila ndiye hakimu wa povu nyumbani. Bia ilipokomaa, alishika saa mkononi na kutangaza kwamba povu limekaa muda mrefu kuliko la zamani. Shayiri mbichi, kumbe, huliongezea povu uhai.

Mwenye mgahawa alikuwa ameweka bango la kreti za kiwandani ukutani kabla hajaonja. Alionja, akaagiza glasi ya pili, kisha akamwambia wifi alibandue. Bango lile sasa limefunika dumu la maji katika chumba cha uani.

Tangu hapo Mama Tafuna hapiki kwa namna nyingine. Gharama ya nafaka imerudi karibu na ilivyokuwa kabla ya bei kupanda, na kimea bado ananunua kwa yule mzee, kwa bei ya mzee, bila kunung'unika. Ameongeza ujanja mmoja wa siku za jino. Anadondosha punje kwenye glasi ya maji: za kimea nyingi zitaelea, mbichi zitazama.

"Nashukuru sana," anasema. "Namshukuru mzee, namshukuru wifi aliyekuja kuniambia usoni badala ya kuniacha nisikie mtaani. Hata lile jino nalishukuru, lipumzike salama."

Sasa magoti ya mzee yamechoka. Nafaka inayochipua hugeuzwa kila baada ya saa chache kwa siku tano, na watoto wake wana kazi zao mbali. Mwezi uliopita alimkabidhi Mama Tafuna koleo la mbao, akamwambia ajizoeze. Mume wake ameshaanza kusawazisha sakafu ya chumba kilichoachwa na mtoto wao wa kwanza. Jumatano tano sasa, baada ya kufua, mwanafunzi huyu wa miaka hamsini na mmoja anageuza nafaka huku mwalimu wake akimkosoa kutoka kwenye ndoo.

"Nyanyua, usiburute!" mzee anafoka.

"Nanyanyua, mzee wangu."

Ana mpango wa kuuza kimea cha msingi kwa kilo moja moja, kwa watu wanaoanza kama alivyoanza yeye, wasio na uwezo wa gunia. Mlangoni ataweka bakuli la punje na glasi ya maji.

"Bakuli ni la kutafuna, bure," anasema. "Glasi ni ya mwenye jino bovu. Na kabla sijampimia mtu, nitamuuliza ana ng'ombe wangapi. Akinijibu kwa utani, simuuzii mpaka atafune."