Baraza Iliyonyooshwa Ikakataliwa

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi, nanunua maandazi: yule fundi wa picha wa Ngamiani ametutoka. Tulimzika baada ya adhuhuri. Tangu hapo kila nikikumbuka kibanda chake najikuta natabasamu.

Kazi yake wengi hawakuielewa. Alichukua picha kuukuu za nyumba, akaziskani, akazinyoosha kwenye kompyuta mstari kwa mstari, ndipo akachora juu yake nyumba nzima ya kuzungushwa kwenye skrini. "Picha ikilala kidogo tu," alikuwa akiniambia, "nyumba yote italala." Mimi nilimpelekea picha tatu za nyumba yetu, ambayo ukuta wake wa mbele ulianguka kwa mvua ukavunja na baraza. Mama alikuwa kwa dada yangu, mtaa wa Nguvumali, na alishaapa: harudi mpaka nyumba iwe vilevile alivyoiacha marehemu baba. Waashi walikuwa wanasubiri mchoro. Fundi alipoumaliza tulimwendea mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaitazama skrini, akakunja uso. "Nyumba nzuri. Ya nani?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

"Baraza yangu ilishuka upande mmoja," akasema. "Mume wangu aliijenga hivyo makusudi. Mimi mfupi, kwingine kote miguu yaning'inia."

Fundi mwingine angebisha kwamba kompyuta haikosei. Yeye alipanda baiskeli hadi kwenye kifusi, akaweka pima maji juu ya kipande cha baraza kilichosalia, akaona kweli kimeinama, akarudi anacheka peke yake. "Mama, nisamehe. Nilidhani picha ndiyo imepinda, nikainyoosha mpaka nikakutoa kwako." Akamuuliza kama kuna kingine kilichoinamishwa makusudi, akaanza upya, safari hii akifuata fremu ya mlango, ambayo kweli ilikuwa wima. Tangu siku ile hakugusa picha ya mtu kabla ya kumuuliza: "Kuna kitu hapa kilichoinamishwa makusudi?"

Wasomaji wangu, sisi tuna haraka mno ya kunyoosha. Watoto, wakwe, majirani, hata mitaa. Tukiona kitu kimelala tu, tushashika rula. Mimi mwenyewe nimo, wanangu watakwambieni. Ningependa niachiwe urithi mmoja wa marehemu, lile swali lake.

Nilipotoka makaburini nilimkuta mama kwenye baraza yake mpya, upande ule wa chini, anafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mungu amrehemu," akasema, "aliniuliza." Miguu yake yote miwili ilikuwa imekanyaga chini.