Mchanga Ndani ya Spika

Pigo la kwanza la shoka lilipasua ubavu wa spika. La pili likakwama kwenye mbao, na mgambo akakanyaga kasha ili alichomoe shoka lake. Mimi nilikuwa nimebanwa ukutani, rungu shingoni, nyundo mkononi.

Spika zile mbili kubwa za zamani ndizo alizotuachia baba. Niliacha shule nikawa nazikodisha kwenye harusi za Kariakoo, wadogo zangu wawili wapate kula. Baba mdogo alishasema wazi kwamba siku nikishindwa, wa kiume atamchukua yeye kwake Moshi, na wa kike atapelekwa kwa shangazi aliyeolewa Songea.

Ubaya wa spika zile ulikuwa kasha. Mbao zilikuwa nyembamba; besi ikipiga zilitetemeka na kutoa sauti zao zenyewe juu ya sauti ya mwimbaji. Mama mmoja wa biharusi alilalamika kuwa mwimbaji alisikika kama kafungiwa kwenye pipa. Basi nikaongeza ukuta wa pili ndani ya kila kasha, na pengo la katikati nikalijaza mchanga. Niliuchota Jangwani baada ya mafuriko, nikaukaanga kwenye karai uani hadi ukakauka, nikauchekecha ukawa laini, mweupe. Tangu hapo ukigonga kasha kwa kidole halikujibu, na muziki ulitoka safi.

Lakini miaka ile sukari ilikuwa adimu, na jirani aliyenichungulia nikichekecha alikwenda kusema alichodhani ameona.

Walikuja mgambo watatu. Hawakusalimia. Mkubwa wao aligonga meza, akagonga kabati, vyote vikalia. Akagonga spika. Kimya. Akacheka.

"Hili limeshiba, bibie. Limeshiba nini, na wenzako wanakunywa chai ya chumvi?"

Nilimwambia ni mchanga. Akanizaba kofi la sikio.

"Nani anaficha mchanga Dar es Salaam? Mimi ninao hadi kwenye viatu."

Ndipo shoka likaanza. Mdogo wangu wa kiume akamrukia mwenye shoka na kumng'ata mkono. Mwenye rungu akaniacha, akampiga mgongoni, na alipoanguka akampiga tena. Nikasikia mbavu zikivunjika. Kichwa cha yule mtu kilikuwa mbele yangu, hakina kofia, na nilijua pa kupiga. Nilijua pia kwamba nikipiga, jioni ile mimi niko rumande na wadogo zangu wako njiani, mmoja Moshi, mmoja Songea. Nikafungua vidole. Nyundo ikaniangukia mguuni.

Kasha likapasuka, mchanga ukamwagika hadi mlangoni. Mkubwa wao akachovya kidole, akalamba, akatema. Akachovya chini zaidi, akalamba tena.

"Pasueni na la pili," alisema.

Walilipasua. Kisha wakaondoka, na mmoja akaenda na nyundo yangu.

Jioni mdogo wangu alilala mkekani, mbavu zimefungwa kanga.

"Dada, ulikuwa na nyundo."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nayo. Akageukia ukutani. Nilimpa uji, akaunywa bila kuniangalia. Mdogo wetu wa kike alikaa upande wa pili wa mkeka, akinywa wake. Niliwatazama wote wawili mpaka uji ukaisha vikombeni, kisha nikaanza kuzoa mchanga.