Shimo la Mazoezi

Walilikata shimo kwa msumeno mrefu, asubuhi, mbele ya macho yangu, na walikuwa wakicheka. Vipande vya barafu walivivuta kwa ndoano ya chuma wakavipanga pembeni kama matofali. Shimo lenyewe lilikuwa na urefu wa mtu mzima na upana wa mabega mawili, na maji yake yalikuwa meusi. Nilisimama ufukweni na chupa ya chai mkononi. Nimeshaona mashimo ya umbo lile maishani mwangu, na sijawahi kuwaona wachimbaji wakicheka.

Shimo lilikuwa la mwanangu. Binti yangu ana miaka kumi na tisa, na kuanzia kiunoni kwenda chini hana hisia. Amezaliwa hivyo, uti wa mgongo wake haukujifunga vizuri tumboni mwangu. Nilimbeba kwa mbeleko mpaka akafika miaka saba, kwanza Mbeya, kisha hapa Hallunda, nikishuka naye kwenye treni ya chini ya ardhi huku Waswidi wakinikodolea macho. Daktari aliniambia mtoto mkubwa habebwi. Mwalimu aliniambia. Mwanamke wa manispaa alikuja mpaka nyumbani kuniambia. Niliwasikiliza wote kwa heshima, nikawamiminia kahawa, nikaendelea kumbeba.

Mwaka juzi alijiunga na chama cha michezo ya nje kwa watu wenye ulemavu. Wakati wa kiangazi walimtia kwenye kitumbwi cha plastiki, nikanyamaza. Wakati wa vuli walimning'iniza kwenye mwamba kwa kamba, nikanyamaza, ingawa nyumbani nilinyamaza kwa kubamiza masufuria. Baridi ilipoingia wakampa kigari cha barafu. Ni kiti kigumu kilichowekwa juu ya vyuma viwili vyenye makali, na mpanda kigari anashika fimbo mbili fupi zenye misumari, anajisukuma kwa mikono. Mara ya kwanza nilipomwona juu yake aliwapita wenye miguu wawili bila kuwatazama. Lazima niseme kweli, alipendeza sana. Niliogopa zaidi kwa sababu hiyo.

Alichokitaka ni kwenda na wenzake kila Jumamosi kwenye maziwa makubwa, na mpaka katikati ya visiwa vya baharini barafu ikikubali, safari za kutwa nzima. Lakini chama kina sharti lake: haendi mbali mtu ambaye hajatumbukia. Ndivyo wanavyofanya huku. Mtu anaingizwa majini kwa makusudi, kamba ikiwa imefungwa mgongoni mwake, ili ajifunze kutoka kabla barafu haijamvunjikia kweli. Akifaulu, anakwenda. Akishindwa, anasubiri mwaka mwingine.

Nilimweleza rafiki yangu wa kanisani, mama kutoka Uvira anayekaa Alby.

"Mama," akasema, "batu banachimbia mutoto wako shimo, na weye unabapelekea chai?"

Nikamtania kwamba bila chai Waswidi hawachimbi. Hakucheka.

Asubuhi yenyewe, tukisubiri gari la kuwasafirisha walemavu, ulimi ulinitangulia. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nikamwambia binti yangu. Alinijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, bila kuinua uso kutoka kwenye simu, kwamba maguu yake yaliharibika kabla hajapata nafasi ya kusikia. Tukacheka mpaka dereva akatutazama. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu sijakisikia tena tangu siku hiyo.

Ziwa liko chini ya Alby, mwendo mfupi tu. Theluji ilikuwa bado haijaanguka, barafu ilikuwa tupu, na ukiinama uliona majani yaliyooza upande wa chini. Tena ilikuwa inanguruma. Mngurumo ulianzia ng'ambo ya ziwa, ukapita chini ya miguu yangu, ukaishia nyuma yangu kwenye matete. Kiongozi wao, mwanamume wa makamo mwenye mguu mmoja wa bandia, aliniona nimekakamaa akanieleza kwamba barafu inajinyoosha tu kwa ajili ya baridi, kama mbao za nyumba. Nikamwitikia kwa kichwa. Moyoni nilisema, maji usiyoyafika hujui kina chake.

Kisha akaanza kumfundisha binti yangu mikanda. Ilikuwa miwili, mmoja kiunoni na mwingine kwenye miundi, na yote miwili ilishikwa na utepe mmoja mwekundu uliokaa karibu na mkono wa kulia. Akauvuta. Mikanda yote ikaanguka kwa mkupuo mmoja. Akamtaka binti yangu aifungue mwenyewe mara tano, akiwa amefumba macho, na mara zote tano ilifunguka kwa kidole.

Mimi nilichukia. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, mwaka wa kumi na tano sasa. Tunapomwinua mzee kitandani kwa mashine tunamfunga mikanda, na hainuliwi mpaka watu wawili wamehakikisha kwamba haiwezi kufunguka. Mkanda ukifunguka mzee anavunjika nyonga, na sisi tunaitwa ofisini. Tena nilikuwa nimemfunga mtoto huyuhuyu mgongoni kwa miaka saba na hajawahi kuteleza hata siku moja. Na sasa mtu ananionyesha mkanda ambao sifa yake ni kuachia.

Kiongozi aliporidhika akaenda kukagua kamba kule kwenye shimo. Binti yangu alibaki ufukweni kwenye kigari, amevaa ile suti nzito ya mpira isiyoingiza maji, na juu yake koti lake refu. Nilikuwa na kitenge kwenye mfuko, cheusi chenye maua ya bluu, nilichokileta kwa ajili ya miguu yake. Miguu isiyohisi baridi inaweza kuganda na mwenye nayo asijue. Hiyo ni kweli, hakuna anayeweza kunilaumu kwa hilo. Nikamviringishia mapajani. Halafu mikono yangu ikaendelea yenyewe. Nilizipitisha ncha mbili chini ya kiti, nikazikutanisha upande wa nyuma, nikakaza, nikapiga fundo lile la mbeleko, nikalirudia. Nikamshushia koti juu yake.

"Unafanya nini?" aliniuliza kwa Kiswidi. Alikuwa anahangaika na kamba ya kofia yake ngumu.

"Nakufunika."

"Sawa." Hakutazama. Ameizoea mikono yangu mapajani mwake, na haisikii.

Akajisukuma mpaka karibu na shimo. Mimi na wazazi wengine wawili tuliruhusiwa kusimama hatua kumi nyuma yake. Watu wawili walishika kamba ya mgongoni mwake. Shingoni alivaa vile vijiti viwili vyenye ncha za chuma ambavyo kila mtu wa barafu huvivaa, vya kuchomea ukingoni na kujivuta. Kiongozi alipiga goti mbele yake, akavuta utepe kidogo kuona kwamba haujakwama, kisha akamuuliza swali ambalo, nilielewa baadaye, huwauliza wote. Kuna kitu kingine chochote kinachokushikilia kwenye kiti?

"Hapana," akasema binti yangu.

Kiongozi akainua macho akatutazama sisi tuliosimama nyuma. "Wala nyinyi hamjui kitu?"

Nilisikia. Kiswidi changu ni cha kusomea maagizo ya dawa, si cha kubahatisha, na swali lilikuwa rahisi. Nilikuwa na muda wa kujibu. Nimejaribu sana kujidanganya kwamba niliona haya, kwamba sikutaka kumfungua fundo la kitenge mbele ya watu, aone aibu kwa ajili ya mama yake wa Mbeya. Aibu ilikuwepo. Lakini chini ya aibu kulikuwa na jambo jingine na nitalisema. Nilitaka ashindwe. Niliwaza kwamba kitenge kitamkalisha kwenye kiti, watamvuta na kigari chake kama ndoo, atakohoa kidogo, kiongozi atasema bado hayuko tayari, na Jumamosi zote za mwaka huo atakuwa nyumbani na mimi. Ndivyo nilivyopanga, kwa muda usiozidi pumzi moja. Nikatikisa kichwa kwamba hapana, hatujui kitu.

Akajisukuma mara mbili. Kigari kikateleza, vyuma vikapita ukingo, akaingia. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo.

Alitoka kichwa, akashtuka kwa baridi, akapumua kama alivyofundishwa. Kiongozi alikuwa akihesabu kwa sauti, taratibu. Niliona mkono wa kulia wa binti yangu ukitafuta utepe, ukaupata, ukauvuta. Akageukia upande alikotokea, akachoma vijiti ukingoni, akajivuta kwa nguvu zake zote ili atoke kwenye kiti. Kiti hakikuachia. Kilikuja pamoja naye, kikainuka nyuma yake, kikampindukia. Vyuma vikatazama juu. Yeye akawa chini.

Kiongozi aliendelea kuhesabu. Sita. Saba. Alidhani ni sehemu ya mazoezi, kwamba anajikwamua. Walioshika kamba walianza kuvuta, na kwa kuvuta walimbana zaidi chini ya ukingo. Maji yalitikisika mara tatu, kisha yakatikisika kidogo.

Nilipiga kelele. Kiswidi chote cha miaka kumi na tano kilinitoka kichwani. Nililia, "Kimefungwa, nimemfunga, kateni," na watu walinitazama wasielewe, na mmoja wa wazazi akanikumbatia akidhani ananituliza. Nilimuuma mkono. Nilikimbia juu ya barafu ile nyeusi nikaanguka kwa magoti, nikaendelea kwa magoti, huku nikionyesha chini ya kiti kwa kidole. Kiongozi aliufuata mkono wangu kwa macho. Akajitupa majini na mguu wake wa bandia. Aliingiza mkono chini ya kiti, na niliuona uso wake alipokuta kitambaa mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Akachomoa kisu begani.

Walimtoa binti yangu akiwa wa bluu midomoni. Alitapika maji, akavuta pumzi kwa sauti ambayo sitaki kuieleza. Alikuwa hai. Nilitaka kumshika, lakini watu walikuwa wamenitangulia, na walikuwa wanajua wanachofanya.

Kwenye kibanda chao cha joto walimvua, wakamfunga mablanketi. Kiongozi, naye akitetemeka, aliweka mezani vipande vya kitenge, vikichuruzika. Hakupaza sauti. Aliuliza tu ni nani aliyefunga, nikasema ni mimi. "Asante kwa kusema," akaniambia. Angenipiga kofi ningeshukuru zaidi.

Aliondoka kwenda kubadilisha nguo, tukabaki wawili. Binti yangu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Alizungumza Kiswahili, ambacho huwa hakitumii kwangu isipokuwa kwa kuomba jambo kubwa.

"Mama, alipouliza, ulimsikia?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi niliujua siku ile kuliko siku niliyomzaa. Ningeweza kumwambia. Alikuwa ananipa mlango, ameuacha wazi kabisa.

"Sikusikia," nikasema. "Upepo."

Siku ile hapakuwa na upepo, hata tete moja halikutikisika. Akanywa chai yake.

Nilidhani barafu imekwisha kwake. Baada ya wiki mbili alirudi kwenye shimo lilelile bila kuniambia, akatumbukia, akatoka kwa vijiti vyake mwenyewe. Niliiona suti ikikauka bafuni ndipo nikajua. Tangu hapo anajivalisha. Inamchukua saa nzima na zaidi, mlango ameufunga kwa ndani, na nikisikia kitu kimeanguka sigusi kitasa. Mikono yangu haijafika magotini mwake tena. Huniamkia vizuri, hula nilichopika, hunisimulia habari za chuo. Hana kisirani, afadhali angekuwa nacho.

Jumamosi iliyopita jua lilikuwa kali, matone yakidondoka kutoka kwenye mapaa, na redioni walikuwa wamewaonya watu kwamba barafu ya pembezoni imeanza kuoza. Gari lilikuwa limeshafika chini. Alikuwa kwenye veranda ya nje, kwenye kiti chake cha magurudumu, begi mapajani, anasubiri lifti. Nikamfuata na kandambili.

"Mwanangu, mnakwenda ziwa gani leo?"

Lifti ilifika. Aliingia kinyumenyume, uso kwangu, kama anavyoingia siku zote. Nikauliza tena, polepole, ziwa gani, nijue tu.

"Sikusikia, mama," alisema kwa Kiswahili, na akabonyeza kitufe.

Nilirudi ndani. Dirisha la jikoni linatazama upande mmoja na la sebuleni upande mwingine, na mji huu una maziwa kila upande. Nilisimama katikati ya nyumba mpaka jioni.