Kahawa ya Celina na Mirungi ya Ildefons

Celina wa Kashozi hakuweza kukitazama kinywa cha Ildefons bila kushikwa na kinyaa. Kijana alikuwa utingo wa lori liendalo Masaka, na huko ndiko alikookota tabia ya mirungi: shavu limevimba kama lina jipu, meno yamefanya ukoko wa kijani, mate yanamchuruzika kidevuni naye hana habari. Na huyo ndiye aliyetaka kumwoa Jovitha, binti pekee wa Celina, mjane. Ptuu!

"Binti yangu hatalala na mbuzi," alisema Celina.

Jovitha akamjibu kwa upole kwamba hata yeye mama hutafuna tangu alfajiri. Kweli tupu. Celina alikuwa fundi wa akamwani, kahawa ya kutafuna. Aliichuma, akaichemsha na majani ya harufu nzuri, akaianika, na punje haikumtoka mdomoni mchana kutwa. Lakini kumlinganisha yeye na mla majani! Kahawa ni heshima. Mgeni hapewi kiti akanyimwa kahawa. Mirungi ni utumwa. Mtu wa kahawa huacha akitaka.

"Basi acheni wote wawili hadi Jumapili," Jovitha akasema. "Akishindwa yeye, simtaki. Ukishindwa wewe, atanioa, nawe usiseme neno."

Celina akacheka, akamkabidhi binti kahawa yote ya nyumba, na ufunguo wa sanduku ilimofungiwa.

Ildefons naye alikubali, ila hakufika mbali. Siku ya pili tu alikuja uani, macho mekundu, akapiga magoti. "Mama, nimeshindwa. Nimetafuna." Celina akamwambia asikanyage tena kibanja chake na uchafu ule. Jovitha akaenda kulia jikoni, na mama mtu hakumbembeleza, maana kichwa chake mwenyewe kilikuwa kinapasuka, na ndizi za mchana amezitapika zote. Alisema ni malaria.

Jioni akaja shemeji yake, mzee Byabato. Mgeni ni mgeni: Jovitha akafungua sanduku, akamletea kahawa. Mzee hana jino hata moja. Huzinyonya punje tu, kisha huzitema kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Celina alikaa akiyatazama mashavu yale yakienda na kurudi, harufu inamjia, akamchukia mzee wa watu bure.

Byabato alipoaga, Jovitha akamsindikiza. Hapo Celina akapiga magoti, akapekua nyasi, akaiona punje moja, imelainika, bado ina ute wa mzee. Hakuipangusa. Aliitia mdomoni, nayo ikawa tamu, na utamu huo ndio uliomtia kinyaa kuliko vyote.

Alipoinua macho, Jovitha alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwenzako alikiri, mama," alisema. Akajifunga kanga yake vizuri, akashika njia ya Bukoba mjini, lilikolala lori la Ildefons. Celina alitaka kumwita arudi, lakini alikuwa hajameza.