Aliyejibu Namba Kumi

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwa bado halijazama, nikiwa na akili zangu timamu. Nimechoka kuambiwa kwamba ulikuwa ukungu tu. Wanaoniambia hivyo hawakuwapo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya kupanga foleni ya sukari. Nilikuwa nimetoka jeshini, lile la vijana kwa mujibu wa sheria, na kupata kazi ya uuguzi msaidizi kwenye zahanati huko Endamarariek. Shule moja ya sekondari ya Karatu ikawa inapeleka wanafunzi kutembea kwa miguu siku nne katika milima ya Ngorongoro, chakula na blanketi mgongoni, ili wajifunze kujitegemea. Walitafuta mlezi wa kujitolea, mtu anayejua dawa. Nikajitolea. Hakuna aliyenilazimisha, na hilo nalo linaniuma.

Watoto walikuwa kumi. Mkuu wa msafara alikuwa mwalimu mmoja ambaye simtaji jina, kwa sababu nikimtaja nitatukana. Yeye alitembea mbele na ramani na filimbi, mimi nyuma na sanduku la dawa.

Kosa la kwanza ni langu, silikwepi. Nilileta mambo ya jeshini. Kila mtoto nilimpa namba, na nikiita "Hesabu!" wanapaza sauti kuanzia moja mpaka kumi. Kumi alikuwa Tluway, mtoto wa Kiiraqw, mpole, mwembamba, mwenye lafudhi nzito ya kwao. Tano alikuwa Naserian, binti wa Kimaasai, na kwao ni kule kule tulikokuwa tunapita. Naserian alikataa kuhesabu.

"Dada, kwetu watoto hawahesabiwi," aliniambia. "Hata ng'ombe. Baba anawaangalia tu wakiingia bomani, anajua yupi hayupo."

"Kwa nini msihesabu?"

"Wapo wengine wanaosikia."

Mwalimu alicheka, akambebesha sufuria kubwa kama adhabu. Mimi sikumtetea. Kesho yake Naserian akawa anasema tano kama wenzake.

Siku ya tatu tulikuwa tunaelekea kreta ya Embakai. Saa nane mchana ukungu ukatushukia. Mnaoujua ukungu wa kule juu mnanielewa: unanyoosha mkono, huoni vidole. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na Tluway alikuwa anakohoa tangu asubuhi. Nikamwambia awafuate wenzake polepole, nikaenda mbele kumwomba mwalimu tusimame, tuwashe moto. Akakataa. Alisema ratiba ni ratiba. Tulibishana huku tunatembea, nusu saa nzima, bega kwa bega, na mimi nikipiga kelele mpaka koo likakauka. Naomba mkumbuke hilo.

Nilipochoka kubishana nikaita, "Hesabu!" Zikaja namba kutoka kwenye ukungu, moja baada ya nyingine, na mwisho kabisa, "Kumi!" Sauti ya Tluway, na lafudhi yake ile ile. Ilikuwa safi, haina kikohozi. Hebu niambieni, mtoto aliyekohoa kutwa anaponaje ghafla? Sikujiuliza. Namba zilikuwa zimetimia, nikaridhika kama mjinga.

Saa kumi na moja, ukungu ukiwa umeanza kupungua, tukafika kwenye boma moja. Naserian akatua sufuria, akawatupia wenzake jicho mara moja tu.

"Tluway hayupo."

"Si amejibu?"

"Amejibu nani, dada?"

Mwalimu akasema tusubiri vijana wa boma. Sikusubiri. Nilirudi mbio nikifuata majani tuliyoyakanyaga, na niaminini, nilikuwa nalia kabla sijaona chochote.

Nilimkuta chini ya mti mkubwa, amekunja magoti kifuani. Hakuwa peke yake. Ubavuni mwake alikaa mwanamke, amenipa mgongo, mkono wake uko juu ya kichwa cha mtoto. Alivaa koti la kijani la jeshi, na mgongoni lilikuwa na kiraka cha gunia la unga. Kiraka kile nilikishona mimi. Na koti lile nilikuwa nimelivaa wakati ule ule.

Kwa woga nikaita lile nililozoea: "Kumi!"

Mwanamke yule ndiye aliyeitika. "Kumi!" Kwa sauti ya Tluway.

Nikaita jina, "Tluway! Tluway!" Hapo mtoto akainua kichwa. Yule mwanamke akasimama taratibu, akaondoka kuelekea bondeni, akitupa mguu wa kushoto nje kidogo, kama ninavyotembea mimi. Hakugeuka.

Tluway alikuwa anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Akaniuliza, "Dada, umeniambia nikae hapa, nimekaa. Mbona mkono wako una baridi hivi?"

Nimonia ilimlaza hospitali miezi miwili, akaponea chupuchupu. Shule hakurudi tena, na kifua chake hakijapona mpaka leo. Kwenye kikao cha shule wazazi walimuuliza Tluway nani alimwambia abaki. Akasema, "Dada." Mtoto hakudanganya. Wakamuuliza mwalimu mimi nilikuwa wapi wakati huo. Neno moja tu lingeniokoa! Akasema, "Mimi nilikuwa mbele peke yangu." Peke yake! Angekiri kwamba nilikuwa pale, angeulizwa kwa nini hakusimama. Naserian alisema alinisikia nikibishana mbele, wakamwambia akae chini. Niliachishwa kazi, na kina mama waliokuwa wananiletea watoto wao niwapime wakawa wananikwepa njiani. Yule mwalimu alipandishwa cheo. Nasikia amezeeka vizuri. Simwombei mema.

Tluway ni mtu mzima sasa, ana familia Karatu. Mwaka juzi alinisimamisha sokoni, akanisalimia kwa heshima, akasema, "Dada, mimi nilishakusamehe." Nilipandwa na hasira mbele ya wauza vitunguu. Nisamehewe nini? Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, kama ninavyowaeleza ninyi. Alinisikiliza, hakunikatiza hata mara moja. Halafu akasema kwa upole, "Lakini dada, uso wako niliuona."

Niliacha vitunguu vyangu pale pale, nikaondoka.

Basi ninyi mnaopeleka watoto wa watu kutembea kule juu, acheni namba. Waiteni kwa majina, na kila mmoja mwangalieni usoni. Na mtu akikutana nami huko kwenye ukungu, nikimwambia akae chini anisubiri, asinisikilize. Tangu siku ile mimi sijapanda kule tena.